Tangi Lililopakwa Rangi kwa Ajili Yangu

Kazi yangu ni kukagua matangi ya chuma yaliyoungua na kusema kama yanaweza kutiwa mafuta tena. Watu hudhani nategemea mashine. Mimi huanza na rangi. Ikifura tu, moto haukukaa. Ikiisha kabisa, chuma kimepikwa, na chuma kilichopikwa hakiaminiki. Ndiyo maana kwenye simu husema mara mbili: msiguse kitu.

Mzee mmoja wa kijiji cha Ziwa alinisikia vizuri, kisha akafanya alivyolelewa. Alikuwa akiwauzia wakulima dizeli ya trekta kutoka kwenye tangi moja kubwa, lililolala kando ya nyumba yake. Jirani alichoma mabua ya mahindi, upepo ukageuka, moto ukalipitia tangi. Halikulipuka, ni Mungu tu. Sasa msimu wa kupanda ulikuwa umebisha hodi. Nikikubali, angejaza wiki hiyohiyo. Nikikataa, biashara ingelala.

Nilitoka kwangu mjini, mtaa wa West Indies, asubuhi. Kufika, nikakuta tangi linang'aa kama sufuria ya harusi. Rangi mpya ya fedha, bado inanata.

"Mzee, umenifanyia nini?"

"Sasa mgeni akuje apate kitu imeungua hivyo? Utaenda kusema sisi ni watu wa aina gani?"

Nilikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. Nikamwambia amenifutia ushahidi wote kwa brashi. Alicheka, akanishika mkono akanipeleka ndani, maana kwake hasira za mgeni ni njaa tu. Mkewe aliniandalia ugali, kuku na mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Mama huyo hakuwa mwongeaji. Aliuliza jambo moja, na akaliuliza kila aliponiongezea mchuzi.

"Umezunguka huko nyuma?"

"Nyuma ni nyasi tu," mumewe akasema. "Mgeni ataenda huko kutafuta nini?"

Nilienda. Kati ya tangi na ukuta wa nyumba palikuwa na kijia chembamba, na hapo rangi ya fedha ilikatika ghafla. Chuma kilikuwa kitupu, chekundu kwa kutu, kimebonyea ndani. Niliegemeza rula yangu ndefu juu ya bonde hilo, kiganja kizima kikapita chini yake. Mkabala na hapo palikuwa na dirisha la chumba cha kulala, kioo kimepasuka kwa joto.

"Mzee, hii tangi imeisha. Usiweke mafuta hapa tena."

Akakaa chini kwenye majivu na suruali yake safi. Nilimhurumia sana, na kuku wake bado alikuwa kwenye meno yangu.

"Ni huyo fundi wa rangi," akasema. "Angemaliza kupaka, hungeona. Aliniambia ati rangi imeisha."

"Haikuisha," mkewe akasema kutoka dirishani. "Debe moja nimeificha chini ya kitanda. Mimi ndiye hulala upande huu."