Msiitundike Picha Yangu

Mimi ni Athumani Kaniki, mzaliwa wa Kilosa, dereva wa basi la shule hapa Doha. Waliocheza ligi yetu ya Ijumaa ya Waafrika Mashariki wananiita Sumaku, kwa sababu zamani mpira ulikuwa ukinifuata mikononi. Muuguzi mmoja aliyenitibu ameniomba niandike habari za ugonjwa wangu ili awasomee wenye ugonjwa kama huo. Nimekubali. Lakini anayetafuta humu mzee wa kuonewa huruma atafute kwingine.

Kabla ya kuugua nilikuwa na afya ya kuwaudhi wenzangu. Nilikula nikashiba, nikalala mara kichwa kilipogusa mto. Nilimaliza kidato cha nne, nikaidakia timu ya mkoa, kisha nikaja Qatar kuendesha magari ya watu. Ijumaa ndiyo mapumziko yetu, na siku hiyo tulicheza kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kambi za wafanyakazi. Nilidaka hadi umri ambao wenzangu walikuwa wakibembeleza wajukuu. Magoti yalipokataa, nikawa kocha. Nilikuwa hodari, na sioni sababu ya kulificha hilo, maana uhodari huo ndio sabuni ambayo watu walikuja kuniogeshea baadaye.

Ugonjwa ulianza kwa mzaha, chumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura. Mwenzangu mmoja alinionyesha jinsi ya kubeti mechi za Ulaya kwa simu, kupitia laini ya mdogo wake aliyekuwa nyumbani, kwa kuwa hapa jambo hilo ni marufuku. Unachagua mechi kadhaa, unatabiri matokeo, na mpangilio huo unaitwa mkeka. Mechi moja ikienda kombo, mkeka umechanika. Mkeka wangu wa kwanza haukuchanika. Laiti ungechanika.

Kwa dini yangu kamari ni haramu, na sikuwa mjinga wa hukumu yake. Niliswali swala zote tano huku simu ikitetemeka mfukoni. Katika sijda, paji la uso likiwa chini, nilimwomba Mola aipe timu fulani ya Ulaya kona niliyokuwa nimeibetia. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo. Mwezi wa Ramadhani nilifunga mchana kama walii, na baada ya futari nikafungua simu kama mbwa aliyefunguliwa mnyororo.

Mwili ulianza kulipa. Usingizi ulitoroka. Kichwa kiliniuma kila siku, nami nikawa nameza vidonge vya maumivu bila kutia chochote tumboni, kwa kuwa chakula kilikuwa kinanichelewesha. Tumbo likawaka moto chini ya kifua. Nilikonda hadi mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya. Wenzangu waliponiuliza, nilisema ni joto. Doha ina bahati mbaya: kila mwongo anayeumwa hulisingizia joto lake.

Halafu Ulaya haikunitosha. Katika ligi yetu palikuwa na mpishi mmoja wa kambini aliyekusanya madau ya mechi zetu wenyewe, na mimi, kocha, nikaanza kuibetia timu yangu ishinde. Siku zote ishinde. Tafadhali shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo utetezi ambao mtausikia kila mahali. Hata mimi nilijipamba nalo. Nilijiambia kwamba anayeuza mechi ni mwizi, lakini mimi nina imani tu na vijana wangu.

Winga wetu wa kushoto alikuwa Wekesa, Mkenya kutoka Bungoma, mlinzi kwenye mnara mmoja wa West Bay. Alikuwa na kasi ya kutisha na mdomo wa kuchekesha. Ijumaa moja, joto likiwa limeshaanza kuuma, alikuja uwanjani akitoka zamu ya usiku, na tumbo lilikuwa limemwendesha tangu jana yake. Nilijua, maana aliniambia mwenyewe. Ilikuwa nusu fainali, na mkeka wangu wote ulisimama juu ya mechi hiyo. Nilimpanga.

Kipindi cha pili tulikuwa sare. Wekesa akaja kwenye mstari, mikono juu ya magoti.

"Mzee, kichwa kinanipasuka. Miguu siisikii. Nitoe tu."

"Dakika tano," nikamwambia.

"Mzee, si mchezo, nasikia vibaya."

"Wewe ni askari au mwali wa ndani? Shika winga yako!"

Wenzake wakacheka, na yeye akacheka kidogo, akarudi. Nilipomshika bega kumsukuma, ngozi yake ilikuwa kavu. Inawaka, na kavu. Kila dereva na kila mlinzi wa mji huu amefundishwa maana yake: mtu anayeacha kutoka jasho kwenye joto yuko hatarini, aondolewe juani upesi. Mkono wangu ulijua. Mdomo wangu ukapiga kelele, "Panda, panda!"

Alipanda. Alikimbia mpira uliokuwa umeshapotea, akaupata, akaupiga krosi, mshambuliaji wetu akaweka kichwa, goli. Wekesa hakuliona. Alikuwa ameanguka kando ya kibendera cha kona, akijitapikia, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Watu walimmwagia maji na kumfunika kwa jezi zilizoloweshwa. Mmoja akapiga simu ya gari la wagonjwa. Na mimi, kocha wake, niliyemwita mwanangu mbele za watu, nilitazama saa kuona kama mwamuzi atahesabu mechi imekwisha au itarudiwa.

Mechi ilihesabiwa. Mkeka wangu ulitimia. Wekesa alilazwa, mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu misuli ilikuwa imeharibika na figo zimezidiwa. Akawa anasafishwa damu kwa mashine. Hakufa. Alirudishwa Bungoma na figo za mzee ndani ya mwili wa kijana, na hajapiga mpira tena. Pesa za ushindi ule nilizibetia wiki ileile, mkeka ukachanika.

Baada ya hapo niliugua haraka. Choo changu kikawa cheusi kama lami, chenye harufu mbaya, nami nikanyamaza. Asubuhi moja, nikiwa kwenye uwanja wa kuegesha mabasi, nilitapika kitu kama machicha ya kahawa, kisha damu yenyewe. Niliona mlango wa basi ukiinama, nikaanguka.

Daktari alikuwa Msudani mpole. Aliniingiza mpira wenye kamera kooni, akanionyesha kidonda tumboni kinachovuja. "Ya hajji," akasema kwa Kiarabu, "ni hivi vidonge na njaa. Nimekizuia kisivuje. Sasa niambie, kwa nini mtu mwenye mshahara hali chakula?"

Nikamwambia ni joto.

Aliyenikamata alikuwa muuguzi Mkenya, dada mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu. Nilikuwa na sindano ya damu mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia, chini ya shuka, nilikuwa napanga mkeka. Damu ya mtu mwingine inaingia mwilini mwangu, nami natafuta timu za Uturuki.

"Mzee wangu," akasema, "hiyo simu unaongea na nani?"

"Familia."

"Familia yako inacheza saa ngapi? Leta hapa nione."

Akaiangalia, akanirudishia. Hakunihubiria. "Tumbo tutakutibu," akasema. "Lakini utarudi, kwa sababu hii ndiyo imekuleta. Baba yangu alikuwa nayo. Alikuwa mtu mzuri sana, na alipokufa hatukuwa na hata pahali petu pa kumzika."

Nikamwambia mimi si kama baba yake. Akatabasamu kwa dharau niliyostahili. "Hata yeye hakuwa kama mtu mwingine."

Nilipotoka hospitali nilimpigia mke wangu, Mwanaidi, nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilidhani una mwanamke huko. Afadhali ungekuwa na mwanamke, Baba Zuhura. Yule angekula akashiba." Halafu akanipa masharti: kadi ya benki akae nayo Mganda niliyeishi naye chumba kimoja, mshahara utumwe nyumbani siku unapoingia, na simu yangu niiuze, ninunue kitochi kisichofungua mtandao. Nikatii.

Kuacha si kazi ya mashujaa. Ni kazi ya kutetemeka. Majuma ya kwanza nilitokwa jasho baridi. Paja langu lilihisi simu ikitetemeka mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Nilimtukana Mganda wa watu nikidai kadi yangu, akaendelea kukaanga mayai. "Mzee, tukana tu, mimi nakula." Muuguzi alinipeleka kwa mshauri, tukawa tunakaa watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja akidhani wizi wake una sababu nzuri kuliko wa jirani. Niliteleza mara moja kwa simu ya kuazima. Nikaanza upya. Polepole chakula kikakaa tumboni, choo kikarudi rangi yake, usingizi ukarudi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa Wekesa. Alijua nilimnyima kutoka. Hakujua kwa nini. Nilimpigia nikamwambia. Akasema, "Sawa," akakata. Hakupokea simu yangu kwa muda mrefu sana. Kisha siku moja akapiga mwenyewe, akauliza hali ya hewa ya Doha, akakata tena. Sikudai zaidi ya hapo.

Sasa ndipo mje mwone watu wazima walivyo.

Al Mansoura kuna hoteli ya chakula ambapo timu zetu hukutana. Ukutani mwake kuna picha za wakongwe wa ligi. Kila msimu unapofungwa, kabla ya joto kali, huongezwa picha moja. Safari hii jina lililopendekezwa lilikuwa Sumaku, kwa kuwa natarajia kurudi nyumbani moja kwa moja. Ubishi ukawa mkubwa, nami nimekaa palepale, kana kwamba ni maiti inayogombewa.

"Kubeti kila mtu anabeti," alisema mwenyekiti wa ligi, mwanamume mwenye tumbo la heshima. "Lakini nani mwingine amedaka kama huyu? Kipaji ni kipaji."

"Kule Marekani," akasema kijana mmoja wa ofisini, "mchezaji wa besiboli akibeti mechi zake anafungiwa nje ya ukumbi wa heshima, hata awe bora vipi."

"Sisi si Wamarekani, bwana. Hiyo besiboli wewe umeiona wapi? Agiza pilau!"

Wakacheka. Mwenyekiti akainua kidole. "Sumaku hajauza mechi hata moja. Aliibetia timu yake ishinde. Hiyo si kosa, hiyo ni mapenzi."

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimeyaamini maneno hayo miaka mingi; kuyasikia kwenye mdomo wa mwingine kulinitia kichefuchefu kuliko damu niliyotapika. Nikawaeleza habari ya ngozi kavu. Nikawaeleza alichoniomba Wekesa na nilichomjibu. Nikasema: "Anayebeti timu yake ifungwe, anadanganya watazamaji. Mimi niliyebeti ishinde nilimtumia mtu kama kuni. Kocha asiye na mkeka angemtoa. Msiitundike picha yangu."

Kisha mwenyekiti akasema mimi ni mnyenyekevu, na unyenyekevu huo ni sababu nyingine ya kunipa heshima. Kuna watu ukiwapa kinyesi mkononi watasifia joto lake.

Kijana wa ofisini akasema, "Aulizwe Wekesa." Wakampigia kwa video. Akatokea akiwa nyuma ya nyumba yake, kuku wakipita, uso umejaa kidogo kwa maradhi. Wakamweleza.

"Mzee alikuwa kipa mkali," Wekesa akasema. "Hiyo siwezi kataa, mimi mwenyewe alinidakia penalti mazoezini mpaka nikachoka. Wekeni picha."

Wakapiga makofi.

"Ngojeni. Chini yake muandike: huyu alikuwa na pesa kwa mechi, mchezaji akamwambia anaumwa, akamwambia arudi ndani. Muandike kwa herufi kubwa, mtu wa meza ya nyuma asome. Mkiandika hiyo, mimi sina shida."

Makofi yakafa. Mwenye hoteli akakuna shingo. Mwenyekiti akajikaza akasema kwa upole, "Wekesa ndugu yangu, watu wanakula hapa. Maneno kama hayo yatawakata hamu."

"Basi picha pia iwakate hamu," akajibu Wekesa.

Nikasema nakubali picha na maneno, au kisiwekwe chochote. Wakapiga kura. Maneno yakakataliwa kwa mikono mingi. Na kwa kuwa nilikataa kutoa picha peke yake, wakamtundika mtu mwingine, beki mwema asiye na habari yoyote, wakala pilau. Walitaka kunitukuza bila kunijua. Heshima ya aina hiyo ni kubeti tu kwa jina lingine: unafumba macho, unatumaini.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, ambaye nilimfanyia utani wa kona akaniacha hai. Nawashukuru daktari, muuguzi, Mganda na mayai yake, na mke wangu. Namshukuru Wekesa kwa kukataa kunisaidia kudanganya.

Wewe unayesomewa haya ukiwa na simu chini ya shuka: unaweza kupona, nami ni mfano. Mkabidhi mtu kadi yako leo, kabla hujapata hoja. Ukitaka kujua kama umepona, usiwaulize wanaokupigia makofi. Muulize uliyemwumiza, na usimharakishe kujibu.

Juzi Wekesa alipiga tena. Hakutaja msamaha, nami sikuutaja. Alisema kipimo cha figo kimekuwa kizuri kidogo kuliko cha mwanzo. Tukazungumza habari za kuku wake hadi salio lake likaisha.