Mguu Kando ya Sinia

Miguu ya wachezaji wa mpira wa kikapu inatia kinyaa, na anayebisha hajawahi kukaa kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo. Watu huona urefu wetu, huona tunavyoruka, huona viatu. Hawaoni kucha zilizokufa zikawa nyeusi, malengelenge yaliyotoka juu ya malengelenge mengine, vifundo vilivyovimba mpaka mfupa hauonekani, na plasta zinazobanduliwa na kutoka na ngozi. Hawasikii harufu. Mimi niliisikia miaka yote niliyochezea timu moja ya kulipwa ya Mombasa, na hadi leo nikipita karibu na raba zilizolowa jasho roho hunichafuka.

Kwa hiyo binti yangu alipoingia nyumbani kwetu Msambweni akiwa amevaa soksi mbili mguu mmoja ili nisione, sikuhitaji kuambiwa. Harufu ya dawa ya kuchua ilimtangulia mlangoni.

Anaichezea timu ileile. Nilipinga, nikapinga tena, mwisho nikachoka, maana msichana anayeinama kuingia jikoni kwao huwezi kumficha ndani. Nilimpa sharti moja tu: siku atakapoumia mguu, arudi kwangu kabla hajamruhusu mtu mwingine kuugusa. Alirudi, hilo alilitimiza. Nilimvua soksi nikauona. Kifundo kilikuwa kimefura, na ubavuni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo, palikuwa na wekundu uliong'aa. Nilipopabonyeza alivuta pumzi kwa meno.

Asubuhi nilimpeleka kupigwa picha. Daktari akatuonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa ubavu huo wa unyayo, akasema kwa utaratibu kabisa: asiukanyagie, asicheze mpaka ufa uzibe, akicheza, mfupa utakatika, na huenda asicheze tena. Mtoto wangu alilia palepale. Jumamosi iliyokuwa ikija kulikuwa na mechi, na kwenye mechi hiyo wangekuja watu wa timu za nje kuchagua wachezaji wa kwenda nao.

"Mama, ni mechi moja tu," alinambia.

Maneno hayo hayakuwa yake. Nilimjua mwenye maneno hayo.

Mwenyewe alikuja kesho yake, Jumapili, baada ya adhuhuri. Ni kocha wao, na zamani alikuwa kocha wangu, mtu wa bara aliyekuja pwani kijana akazeekea hapahapa bila kujifunza kusalimia kama watu. Alisimama mlangoni na mkoba wa matunda. Mume wangu alikuwa kazini, hotelini Galu. Lau ningekuwa peke yangu, ningemrudisha na matunda yake. Lakini alikuwapo mama mkubwa, dada yake marehemu mama, ambaye siku hizi anakaa kwetu, na kwa mama mkubwa mgeni akishakanyaga kizingiti ni wako mpaka ale, anawe na aage. Hata kama amekuja kukuchoma moto, kwanza ale.

"Karibu mwanangu, karibu ndani," mama mkubwa alimwita. "Wewe nawe wamsimamishia nini mgeni juani?"

Nikaingia jikoni kumpikia pilau mtu yule. Sijawahi kupika kwa karaha kama siku ile. Nilikaanga vitunguu nikiwasikia sebuleni, yeye na binti yangu, wakizungumza chini chini, naye akicheka kile kicheko chake cha puani. Kila kilipofika jikoni nilikoroga kwa nguvu.

Mguu wangu mimi uliharibikia Galu. Timu ilipelekwa kwenye hoteli moja kuwachezea wageni, mechi ya kujifurahisha, kwenye uwanja wa saruji ulio kando ya bwawa la kuogelea. Upepo ulikuwa umemwaga mchanga juu ya saruji na hakuna aliyeufagia. Kifundo changu kilikuwa kimeteguka wiki hiyo na kilikuwa hakijapoa. Kocha alisema wageni wameahidiwa wamwone yule mrefu. Akaniingiza kwenye stoo ya magodoro ya ufukweni, mahali panaponuka ukungu na mafuta ya kujipaka, na mtu wake mmoja akanichoma sindano ya ganzi. Magodoro yalikuwa na madoa. Nikakalia moja nikingoja mguu ufe.

Ulikufa haswa. Niliruka, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, nikasikia mlio kama mtu amekanyaga kifuu. Maumivu sikuyasikia. Niligeuka nikakimbia kwenda kuzuia upande wetu, mbio kabisa, na kilichonisimamisha ni nyuso za watu kando ya bwawa. Mama mmoja alimziba mtoto wake macho. Hapo ndipo nilipotazama chini, nikaona kiatu changu kimeelekea kulia na mimi naelekea mbele.

Kocha alikuja akapiga magoti. Nilidhani ananihurumia. "Toa polepole," alimwambia mwenzake, "kisipasuke, hiki ni cha timu." Nimesahau mengi ya siku zile, lakini sauti ile naisikia vilevile, ya mtu anayechunga kiatu.

Hakunipeleka hospitali. Alisema kiungo kimetoka tu, kwetu pwani si kuna wakandaji? Basi nikaletwa nyumbani, kwa mama mkubwa, ambaye mikono yake ilikuwa ikisifiwa kutoka hapa hadi Lungalunga. Tumbo la mzazi, shingo ya mtoto, bega la mpanda minazi, vyote alivikanda vikakaa. Alichemsha mafuta ya nazi na chumvi, akaubana mguu wangu katikati ya magoti yake akaanza kukanda. Nilipiga mayowe akaniambia nistahimili, ndivyo unavyorudi. Alikuwa anasaga mfupa uliovunjika, asijue. Alikanda asubuhi, akakanda jioni, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, mpaka ngozi ikawa nyeusi ikaanza kutoa maji. Majirani walikuja kunijulia hali wakakaa wakiziba pua kwa pembe za leso, wakimsifu.

Daktari alipoupasua mwishowe, mfupa ulikuwa umeshikana upande. Aliweka vyuma. Sikucheza tena. Timu haikuwahi kuuliza, na mama mkubwa tangu siku ile hajawahi kuutazama mguu wangu. Nikikaa naye huishusha kanga yangu chini mwenyewe, aufunike.

Pilau ilipoiva niliipakua kwenye sinia nikaipeleka. Mkekani walikuwa wameketi watatu, na karibu na mama mkubwa niliona kibakuli. Mafuta ya nazi, aliyapasha uani nisimwone, bado yanatoa moshi.

"Nimeona nimkande kidogo," alisema bila kuniangalia. "Mwana analalamika."

"Hakandwi," nilijibu.

"Mama ako sahihi," kocha alimwambia binti yangu, akijitengea nyama. "Mambo ya kukandakanda wacha. Sisi tuko na daktari wetu wa timu. Hiyo ni kitu kidogo sana. Jumamosi anakuwekea sindano moja, unacheza, watu wanakuona, alafu unapumzika hata mwezi mzima. Si ni mechi moja tu?"

Binti yangu alinitazama. Macho yake yalikuwa yakiniomba, na nikaona kwamba ameshakubali, kwamba walishamaliza mazungumzo yao nilipokuwa nikimkaangia vitunguu mtu huyu. Kocha alikuwa anakula vizuri. Mafuta yalimng'aa kidevuni. Alimega, akatia, akatafuna, akaniambia mapishi ya pwani hayana mfano.

Kuna mambo mtu wa kwetu hafanyi. Mguu hauelekezwi kwenye chakula. Hata mtoto mchanga ukimlaza karibu na sinia unamgeuza kichwa kielekee huko, miguu nyuma. Nimelelewa hivyo na mwanamke yuleyule aliyekuwa amekaa mbele yangu na kibakuli chake. Nikapandisha kanga, nikavua soksi, nikaunyoosha mguu wangu wa kushoto nikauweka kando ya sinia, upande wa kocha.

Nitausema ulivyo, maana niliuweka uonekane. Kifundo hakikunjiki. Pembeni imetoka nundu ngumu, ngozi yake nyembamba inayong'aa, rangi ya biringani lililolala. Mshono unapita katikati, na mvua zikianza hutoa majimaji. Vidole vimejikunja, viwili havina kucha. Mimi mwenyewe nikiuosha hutazama ukutani.

"Astaghfirullah!" Mama mkubwa alipiga kelele. "Mguu kwenye chakula! Umeingiwa na nini wewe? Mgeni anakula!"

"Ale," nilisema. "Mguu huu anaujua."

Kocha aliutazama, na nilingoja asononeke, walau ashushe macho. Hakushusha. Alitabasamu. Akafuta mkono wa kushoto kwenye suruali, akavuta soksi yake, akaunyoosha na wake. Wallahi nasema kweli. Ulikuwa kama wangu. Nundu palepale, mshono mrefu zaidi, na kisigino kilichokauka kikachanika kama ardhi ya Kinango wakati wa kiangazi.

"Unaona?" alimwambia binti yangu, na sauti yake ilikuwa ya kujivuna, kana kwamba anaonyesha kikombe cha ushindi. "Mimi nilipigwa sindano hata kabla ya mama yako. Nikacheza. Mchezaji wa kweli ni hivi."

Miaka yote nilidhani mtu yule hakujua alichonifanyia. Kumbe alijua, alikuwa nacho mguuni mwake, na alikipenda.

Mama mkubwa sasa alikuwa anautazama mguu wangu. Kwa mara ya kwanza aliutazama, mkono wake ukiwa bado juu ya kibakuli. Alikisukuma kibakuli polepole mpaka nyuma ya mto.

Binti yangu aliuangalia mguu wa kocha, akauangalia wangu, akarudia. Kisha akauliza, kwa adabu ile niliyomfundisha:

"Kocha, wewe walikuchagua kwenda nje?"

"Hiyo ni hadithi ndefu," alisema kocha, akamega tena.

"Walikuchagua?"

"Hapana. Lakini wakati huo mambo yalikuwa tofauti."

Binti yangu aliinuka, akiuegemea ukuta, mguu mbaya ameuinua. Akainama, akalishika sinia kwa mikono miwili, akaliinua kutoka mbele ya mgeni. Kocha alikuwa na tonge mkononi, hajalitia. Katika nyumba zetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na hakulisikia kwangu wala kwa mtu yeyote, alilitunga mwenyewe palepale. Akalipeleka sinia jikoni akirukaruka kwa mguu mmoja, wali ukimwagika nyuma yake hadi mlangoni.

Tulibaki watatu. Kocha aliushikilia mkono wake hewani, mafuta yakimshuka mpaka kwenye saa, akingoja aletewe maji. Birika lilikuwa pembeni mwa mama mkubwa, limejaa, na beseni chini yake. Mama mkubwa alilitazama birika. Akaivuta leso yake begani, akaliacha palepale.

Jikoni mwanangu alikuwa akilia. Kilikuwa kilio cha mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa amekwisha kukishika, na nilitaka kwenda kwake, lakini kwanza nilivaa soksi yangu.

"Njia unaijua," nilimwambia kocha.

Akatoka na mkono wake mchafu, ameuweka mbali na shati.