Pampu Nyuma ya Vikombe vya Wageni

Ukisoma orodha ya makala zangu kuhusu pumu na mzio, jina langu utalikuta katikati, pale ambapo watu huandika "na wenzake" wakaendelea na shughuli zao. Katika kazi yetu jina la kwanza ni la aliyefanya kazi, la mwisho ni la mkubwa wake. Ndivyo wasemavyo. Kwangu jina la kwanza mara nyingi lilikuwa la mgeni aliyeshuka kwa ndege, akala nyama choma, akarudi kwao.

Makala moja tu ni yangu tangu neno la kwanza, na ndiyo iliyoninyima cheo.

Ilianzia mtaani Woodley. Mradi wetu ulikuwa ukichunguza kwa nini watoto wenye pumu wanaletwa hospitali wakiwa hoi, na dawa wamepewa. Wenzangu walipima vumbi na moshi. Mimi niliomba kibali changu mwenyewe, nikawa naenda majumbani siku za Jumamosi. Mama wa kwanza nilimwomba anionyeshe pampu, ile dawa ya mtoto ya kuvuta kwa mdomo. Alichomoa ufunguo kifuani, akafungua kabati la sebuleni na kuitoa nyuma ya vikombe vya wageni.

"Si ni kitu ya bei, daktari," akaniambia. "Watoto wataharibu. Na wageni wakiiona watasema kwangu kuna mgonjwa."

"Na ukiwa job, mtoto akibanwa?"

Ufunguo alikuwa akienda nao kazini.

Sikumcheka, ningemchekaje? Nimekulia mtaa wa Ngara, katika fleti iliyo juu ya duka letu la viungo. Pilipili ikisagwa chini, kifua changu kinabana juu. Pampu yangu ilikaa kabatini na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa hata kuvipangusa. Nilikuwa nikikaa kwenye ngazi nikihema kwa shida, nikingoja mama amalize hesabu na mteja, kisha apande na ufunguo.

Kabati lile nililikuta nyumba baada ya nyumba, hata mtaa wa Mountain View, kwenye nyumba zenye magari mawili uani. Nikaandika kwamba dawa ipo, ila imefungiwa, nikataja na kabati la kwetu. Profesa aliyeongoza mradi akaisoma, akakata sehemu yote ya kabati kwa kalamu nyekundu.

"Hii ni stori, daktari, si data. Tubaki na vumbi na moshi. Na jina lako tutaliweka pale pale."

"Pale pale wapi?"

"Si unajua."

Nilijua, na nikakasirika hadi kifua kikabana kweli. Nikatoa pampu mkobani, nikavuta mbele yake taratibu, bila haya. Kisha nikakusanya karatasi zangu. Nikaichapisha katika jarida dogo la hapa hapa nchini, jina langu likiwa la kwanza na la mwisho.

Kamati ya vyeo ilinikalisha mwisho wa meza. Mwenyekiti akaniambia jarida lile halihesabiki.

"Mmeisoma lakini?" nikauliza.

"Daktari, hapa hatusomi. Tunahesabu." Akanishauri niiondoe, orodha ipendeze, niombe tena mwakani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilimjibu kwamba mwakani nitaomba, na makala hiyo itakuwa juu kabisa, wapende wasipende. Kuna akina mama Woodley ambao sasa wametundika pampu kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo hata yaya anaifikia. Hao hawahesabiki pia?

Nilitoka hapo nikaenda kwa mama yangu, kule Ngara. Alikuwa na kinyongo na mimi tangu nilipomsomea makala yenyewe. Alisema nimemwanika mbele za watu, yeye na kabati lake.

"Wamekupa?" akauliza.

"Wameninyima. Wanataka niitoe ile ya kabati."

"Utaitoa?"

"Siitoi, mama."

Akainuka, akafungua kabati, akatoa vile vikombe vya ukingo wa dhahabu, akavisuuza na kumimina chai.

"Tunangoja mgeni?" nikamtania.

"Kunywa, mwanangu," akasema, na ufunguo akauacha palepale mlangoni mwa kabati.