Tumbo la Tukutuku

Mtu mmoja wa kwetu Nyangwe alipita Wamaza, nilikoolewa, na mzigo wa samaki wakavu, akanikuta uani namwogesha mtoto. "Mama yako anakusalimu," akasema. "Macho yake yanafunga. Anaona bado kidogo, lakini anaomba uje upesi na mutoto, amuone kwanza." Salamu ndiyo hiyo. Nikakaa chini, mtoto mapajani na sabuni yake mwilini.

Mimi ni mtoto wa mtoni, wa Lualaba. Niliolewa huku kwa watu wa pamba na mihogo, na mume wangu alikuwa fundi cherehani. Kutoka Wamaza mpaka Nyangwe kwa miguu, na mtoto wa kunyonya mgongoni, unalala njiani hata unasahau umetoka wapi. Lori la pamba lilikuwa linapita msimu wa pamba tu, na msimu ulikwisha. Nikasema basi, nitatembea. Mume wangu akacheka.

"Utembee nini, mama mutoto? Tuko na tukutuku."

Aka! Tuko na tukutuku! Lilikuwa chuma la pikipiki limelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake. Mzungu wa kampuni ya pamba alipohamishwa hakutaka kulibeba, akamwachia mume wangu aliyekuwa akimshonea suruali. Injini iko na pumzi, aliniapia. Kilichokufa ni tangi peke yake, yaani tumbo la esanse, la petroli. Ukiligonga, unga mwekundu unamwagika. Ukilishika juani, nuru inapita kwenye vitobo.

Ningekataa siku ile ile. Lakini nilimpenda sana mtu yule, na mtu akiota ndoto kwa sauti mbele yako, wewe nawe unaingia mle mle.

Tuliokota kijitoni kokoto kali za kukwangua kutu, tukazitia tumboni mwa tangi pamoja na maji ya ndimu na majivu. Kisha mume wangu akalifunga kwa kitenge changu cha kubebea mtoto, akalining'iniza kwenye boriti ya baraza. Yeye anashona, mguu kwenye cherehani, na mkono ukipata nafasi anavuta kamba. Mimi napita na mihogo yangu, navuta kamba. Jirani anakuja kuomba moto, naye anavuta. Sshaa, sshaa, mchana kutwa. Mtoto alizoea sauti ile mpaka ikinyamaza anaamka analia. Mchana ule wa jua la kimya, mvua iko mbali juu ya milima, mimi nilikuwa nasinzia na mwiko mkononi, naona kabisa barabara inakimbia chini ya miguu yangu na mama yangu amesimama mlangoni, mkono juu ya nyusi.

Maji yakitoka mekundu tunamwaga, tunatia mengine. Yakaanza kutoka ya rangi ya chai. Nikadhani tumemaliza. Wapi! Mume wangu akasema kutoka mji wa Kasongo, ulio njiani, mpaka Nyangwe na kurudi hatutapata pa kununua esanse, lazima tumbo liongezwe. Akakata debe la mafuta ya taa, akalikunja, akaliunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, tangi likawa na kitambi. Akashona na kiti cha nyuma, akakijaza pamba, ile pamba ambayo kila chembe ilitakiwa iende kwa kampuni. Nililaza kichwa juu yake, yoo, laini!

"Baba mutoto," nilimwambia, "macho ya mama hayangoji."

"Mwenda pole hajikwai."

"Mwenda pole anakuta wenzake wamekwisha kuzika!"

Akanichekea. Vilibaki vile vitobo vidogo. Hapo ndipo alipowaza kwetu. Alipokuja kunichumbia alikaa ufukweni akiwatazama kaka zangu wakiziba nyufa za mtumbwi kwa ulimbo, utomvu wa mti unaochemshwa na mafuta ya mawese. Hakusahau. "Hakuna anayeziba kama watu wako," alisema, nami nikavimba kichwa. Tuliupika pamoja, tukaumimina, tukaligeuzageuza tangi hadi ukuta wote wa ndani ukapakwa. Tukalijaza maji, tukalilaza juu ya mchanga mkavu. Asubuhi mchanga ulikuwa mkavu vile vile. Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikacheza na mtoto mgongoni.

Tuliondoka katika ukungu, na nitasema kweli: sijapata tena furaha kama ile. Majani marefu yalikuwa yanainama tukipita. Vipepeo walinyanyuka kwenye matope. Nilikuwa nimemkumbatia mume wangu, mtoto katikati yetu, na sikujua tena kama niko macho au nimelala barazani. Ikaja harufu tamu, ya mti. Halafu tukutuku likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza katikati ya pori.

Ulimbo haukubali maji, ndiyo maana mitumbwi inaelea. Lakini esanse si maji. Iliuyeyusha wote, ikaupeleka kwenye mishipa ya injini, na vitobo vikafunguka vikatoa machozi. Sisi watu wa mtoni hatukuwa tumewahi kuziba kitu cha kuwekea esanse, na mume wangu, mwana wa pamba, alituamini.

Nilishuka nikatembea. Yeye alisukuma nyuma yangu. Nikasema yote, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwetu, mpaka mtoto akaniogopa. Tungetembea tangu ile salamu, tungekwisha kufika na kurudi.

Tulipofika Nyangwe, mama alikuwa ameketi karibu na mafiga. Alijua hatua zangu, akainuka, lakini uso wake ulielekea pembeni, penye mlango usio na mtu.

"Mwezi ulipoandama," alisema, "watu walipiga kelele. Mimi sikuuona."

Nililia bila aibu. Mume wangu alibaki nje. Nikamweka mtoto mikononi mwa mama.

"Anafanana na nani?"

"Na wewe, mama."

"Na mimi niko namna gani? Hapa hatukuwa na kioo. Nilijionaga ndani ya maji tu, na maji ya Lualaba hayatulii. Nieleze."

Sikuwa nimewahi kumtazama mama yangu namna ile. Nikaanza na paji: pana, limetokeza kidogo. Akalitafuta kwa kidole usoni mwa mtoto.

"Iko," akasema.

Pua fupi. "Iko." Kishimo cha kidevu, shavu moja limejaa kuliko lingine. "Iko. Iko." Alikuwa anacheka sasa.

"Na macho?"

Mtoto alikuwa ameyafumbua, ametulia.

"Yanakuangalia, mama," nikasema, na kidole cha mama kikasimama.