Dushi Aliyoijenga Shemeji Toussaint

Sikumwita mimi. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu kuna watu wa avenyu yetu, na wengine hata hawakai Kavimvira, mtaa wetu hapa Uvira, wanaoeneza kwamba mjane wa Gaspard ndiye aliyemtafuta shemeji yake aje amtengenezee dushi ya kuogea, apate sababu ya kumwingiza nyumbani. Toussaint alikuja mwenyewe, mchana, akapita mbele ya macho ya wote, akisukuma baiskeli yenye mfuko wa simenti.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu. Anafanya kazi mpakani, ambako huwajazia wafanyabiashara karatasi za duane, yaani za forodha, na hati yake ni nzuri kuliko ya wanafunzi wote niliowahi kufundisha. Mke wake alifariki zamani; watoto wake wakubwa wanaishi Kamanyola. Hupiga pasi mashati yake mwenyewe, huimba sauti ya chini katika kwaya, na hufika mapema kila anapoalikwa, hata wenyeji wakiwa bado wanafagia. Ana kasoro moja: hawezi kuona kitu kibovu akakiacha. Redio yetu aliwahi kuifungua na kuifunga, ikalia vizuri, lakini skrubu nyingine zilibaki mezani na hakuna aliyejua zilitoka wapi.

Dushi yetu iliharibika ziwa lilipopanda na kuingia katika parseli, kiwanja chetu. Sakafu ilipasuka, karo, vigae vyake, zikainuka. Gaspard aliugua kabla ya kuitengeneza, kisha akafa. Mwaka wa kilio ulipokaribia kwisha, ukoo ulipanga siku ya mimi kuvua nguo nyeusi. Kwetu siku hiyo mjane huoga asubuhi, huvaa nguo mpya, kisha hukaa mbele ya wazee na kuulizwa: atabaki na mmoja wa ndugu za mume, au atabaki peke yake na watoto? Nilikuwa na jibu langu tangu zamani. Nilichotaka ni kulisema bila mtu kunicheka.

"Shemeji, siku ile utaoga wapi?" Toussaint aliniuliza. "Mu basani, kama mutoto?"

"Mafundi wapo, Toussaint."

"Mafundi iko na maneno mingi. Minye niliangalia mu telefone namna banafanya. Haiko kazi ya ajabu."

Akavua shati, akalikunja vizuri kitini, akaanza kubomoa.

Kila siku baada ya kazi alikuja. Alipofika kwenye kumwaga sakafu, hakupima. Alichungulia dirishani, akaliona ziwa, akaulaza mteremko upande ule na kulitoboa tundu la maji katika ukuta ule. Sisi wa Uvira hatuulizi maji yaende wapi. Mlima uko huku, ziwa liko kule. Nami niliyefundisha biolojia miaka mingi niliona ni sawa kabisa.

Tulimwaga jagi la kwanza, maji yakapotea. Toussaint akapiga makofi. Kesho yake binti yangu Josée akaingia kuoga, na baada ya muda mfupi tukamsikia akipiga kelele. Maji yenye povu yalipita chini ya mlango, yakaingia kolido, yakibeba sandali yake mbele kama pirogi.

Hatukuelewa. Toussaint aliongeza simenti. Maji yakarudi. Akasafisha tiyo, bomba la kutolea maji, akaongeza mteremko upande uleule wa ziwa. Yakarudi zaidi. Mama Olive, jirani yetu, alikuja kuangalia, akashika kiuno.

"Huyu ni Gaspard," akasema. "Anakatala mudogo wake aingie mu nyumba yake. Leo dushi, kesho kitanda!"

"Mama Olive, tiyo haina roho," nilimjibu.

"Mwalimu, basi elezea. Weye ulisoma."

Akaondoka akicheka. Jioni ile maneno yake yalikwisha kufika sokoni. Nilirudi ndani ili nimwambie Toussaint aache kazi, nikamkuta amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji, mkono wake ukutani. Alikuwa akisema polepole, "Kaka, unataka niende wapi? Fasi gani?" Sikujua kama alizungumza na marehemu kuhusu tiyo au kuhusu jambo lingine. Nilisahau nililotaka kusema, nikaenda kupika.

Josée ndiye aliyeona. Alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba, upande wa ziwa, akatuita. "Angalieni! Dirisha ya dushi inanifika mu magoti!"

Kweli. Baada ya mafuriko Gaspard aliujaza upande ule mawe na udongo, ili ziwa lisirudi. Udongo ule ulikuwa juu kuliko sakafu yetu. Jagi moja liliweza kumezwa na mawe, lakini maji ya kuoga yalikosa njia, yakageuka.

"Lakini ziwa iko chini," alisema Toussaint, akinyoosha kidole.

"Ziwa liko chini. Parseli yetu ndiyo imepanda."

Alitazama ziwa, akatazama ukuta, akatazama ziwa tena. Kisha akaijaza dushi yote mawe na kumwaga sakafu nyingine juu, akatoboa tundu jingine juu ya udongo wa nje. Maji yakaenda. Lakini mlango ulikataa kufunguka, ikabidi aukate chini, na mwenye kuoga sasa alipanda kama padri anayepanda altareni, kichwa kikigusa bati.

Asubuhi ya siku yangu nilioga nimeinama. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa saluni, chumba chetu cha wageni, mbele ya ukoo. Baba mkubwa Achille, mzee wa ukoo, alikuwa ametoka Nyakabere aje kuniuliza. Kabla hajafungua kinywa, shangazi Bénédicte alimgeukia Toussaint.

"Weye, mwanaume mzima, kila siku mu dushi ya mujane. Kazi gani ile haiishe? Ulijenga juu ya nani? Ulimufanyia nani?"

"Juu ya kaka, shangazi."

"Kaka iko mu kaburi. Haogi tena!"

Watu walicheka mpaka watoto nje wakacheka bila kujua sababu. Toussaint hakucheka. Kucha zake zilikuwa bado na simenti. Alinitazama, akainamisha kichwa.

"Basi sijui," akasema. "Nilianza nikijua. Kisha maji ikarudi, nikaendelea tu. Sasa minye sijui tena."

Kicheko kikakatika. Wote wakanigeukia, na baba mkubwa Achille akauliza swali lake. Nilisimama, ingawa mjane hujibu akiwa amekaa.

"Nabaki na watoto wa Gaspard, katika nyumba ya Gaspard, kwa jina la Gaspard. Shemeji yangu alinitengenezea sakafu, namshukuru mbele yenu wote. Hakuniomba kitu, nami sikumpa kitu."

Wazee wakaitikia. Ndivyo ilivyokuwa, na aliyekuwepo hawezi kusema vingine.

Baada ya chakula Toussaint alinifuata uani, akiwa amevaa shati lake lililopigwa pasi, tukazungumza tumesimama. Josée aliniuliza alisema nini. Mama Olive aliniuliza mara nyingi zaidi. Sikuwaambia, na sitaandika hapa. Hayo ni yangu na yake, na hakuna mtu wa avenyu hii atakayeyasikia kutoka kinywani mwangu.