Alama Yangu Ndani ya Saa Bandia

Admin, naomba jina langu ulifiche. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka sabini na minne. Mke wangu alishatangulia, nami ninaishi Mjambere, huku Kisauni, kwa binti yangu wa pekee. Hapa nitamwita Neema.

Kwetu ni bara. Tulifukuzwa shambani nikiwa kijana, na sijarudi tena. Bado nakumbuka mlango wa nyumba yetu ulifungukia upande gani, lakini hilo si la leo. Nilifika Mombasa na sanduku la vifaa vya kutengenezea saa alilonipa baba. Aliyenipokea ni mwenyeji wa hapa, nitamwita Katana, wakati huo mpakuzi wa mizigo bandarini. Alinipa baraza ya nyumba yake niweke meza, na kodi hakuwahi kuitaja. Jioni akitoka kazini alikuwa akiketi kando yangu kutazama. Kila nilipomaliza saa, kabla ya kuifunga, nilichora kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma: msalaba mdogo, na chini yake nambari ya mwezi. Mafundi wengi wa saa hufanya hivyo, ili saa ikirudi ujue uliwahi kuifungua.

Kisha zikaja simu, watu wakaacha kuvaa saa. Nilikaa miaka bila mtu wa kuniuliza neno, hadi Neema alipoanza kuuza saa mtandaoni: nakala za zile saa za matajiri, anaziagiza kutoka ng'ambo. Kabla mzigo haujatumwa, muuzaji wa huko humtumia picha aikague saa yenyewe. Siku moja akaniletea simu. "Baba, hebu nitazamie hii."

Nilitazama. Mstari wa saa sita ulikuwa umeelekea kushoto kidogo, na tarehe haikukaa katikati ya kidirisha chake. Nikamwambia airudishe. Wakaleta nyingine, nikaikataa pia, maana maandishi yake yalikuwa na kingo zilizovimba. Ya tatu nikaikubali. Tangu hapo hakununua saa bila jicho langu. Nilimuuliza mara moja tu kama wateja wanajua kuwa ni nakala. Akacheka. "Baba, nani atapata saa ya namna hiyo kwa bei yangu akadhani ni ya kweli?" Sikuuliza tena. Nakiri kwamba sikutaka kuuliza. Nilifurahi kuwa fundi tena.

Mwaka jana wana watatu wa Katana walichanga wamnunulie baba yao saa ya kumshukuru. Mkubwa, Charo, ndiye aliyeshika mchango, akaja kununua kwa Neema. Mimi sikujua ni ya nani. Nilijua tu kwamba saa moja ilikuwa inachelewa dakika nne kwa siku, nikaifungua, nikairekebisha, nikaifunga.

Wiki iliyopita kijana wa mwisho aliipeleka kwa fundi wa mjini kupunguza mkanda. Yule fundi akamwambia ni bandia. Sasa ndugu wawili wanasema Charo alinunua bandia makusudi na pesa zilizobaki za mchango akazila. Hawaketi naye meza moja. Mke wa Charo amerudi kwao Chaani na watoto, amechoka kuitwa mke wa mwizi.

Jumatano Katana alikuja na saa ndani ya leso.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo, ndugu yangu. Macho je?"

"Yananionyesha kila kitu mara mbili. Hata mke naona wawili, na mmoja tu alinishinda."

Tulicheka, kisha akaifungua leso. Akaiweka saa mezani. "Sema wewe. Ukisema ni ya kweli, nitamwomba mwanangu msamaha. Ukisema ni bandia, nitajua nimezaa mtu gani. Fundi wa mjini anasema ndani kuna alama. Mimi siioni."

Niliifungua mbele yake. Msalaba mdogo, na chini yake nambari ya mwezi. Mkono ulichora kwa mazoea. Mimi mwenyewe sikukumbuka. Nikamwambia aniachie niichunguze. Atarudi Jumapili wakitoka kanisani, yeye na wanawe wote watatu.

Nilimuuliza Neema kama alimwambia Charo ukweli. Alikuwa anafunga mizigo, hakuinua uso. "Hakuuliza, nami sikusema."

"Ulimtoza bei ya nakala?"

Alikata utepe wa mzigo mwingine. Alisema, "Waambie ni ya kweli, Baba. Wewe ukisema, nani Kisauni atabisha? Charo anapona, mzee anafurahi, sisi tunakula." Nilipokataa, alinitazama. "Ulipokuwa unaniambia mstari umepinda, tarehe haikukaa sawa, ulidhani tunatengeneza nini?"



Nikisema ni bandia na kunyamaza, Charo ndiye mwizi. Nikisema ni ya kweli, nitakuwa nimemdanganya mtu aliyenipa mahali pa kukaa nilipokuwa sina, tena kwa sababu haoni. Nikisema yote, binti yangu ataitwa tapeli mtaa mzima, na huyo ndiye anayenilisha na kumsomesha mwanawe peke yake. Tena si yeye peke yake. Ile saa niliipitisha mimi.

Mara mbili nimeshika kipande cha msasa nifute ule msalaba. Ni kazi ya dakika moja. Mara zote mbili nimekirudisha kwenye sanduku la baba.

Leo ni Ijumaa. Ninyi wenye wazee na wenye watoto, nisaidieni: Jumapili nianze kumwambia Katana, au nimpe Charo lenzi yangu aione mwenyewe alama yangu ndani ya kifuniko? Na Neema nimwambie nini kabla hawajafika?