Macho ya Mama Ukutani

Juzi, kwenye hoteli moja pale Uyole, nilimkuta mama yangu ukutani, mkubwa kama mlango, machozi yakimlengalenga. Chini wameandika: Furaha ya Mavuno.

Furaha! Mchana wa picha ile tulikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Rujewa, vumbi la pumba likinuka kila mahali. Mama aliletewa habari kwamba kaka yake amefariki. Kwa ile kelele mimi sikusikia. Nilidhani pumba zimemwingia machoni, nikampa ncha ya kitenge. Mgeni mwenye kamera akanisukuma pembeni.

“Usifute, mama!” alipaza sauti. “Hivyohivyo!”

Mama akamkazia macho. Naye akapiga picha.

“Picha nzuri, dada,” mhudumu wa hoteli aliniambia. “Macho yanaongea.”

“Yanaongea, ndiyo. Yanamwambia yule mshenzi, ‘Niache nimlilie kaka yangu.’ Ishushe.”